Satelaiti Yetu, Roketi ya Wenyewe

Wasikilizaji wapendwa wa Kasenga na wa Lubumbashi, na ninyi mlio ng'ambo ya Luapula upande wa Zambia, ambao mawimbi ya redio hayawadai pasipoti, mazungumzo ya leo yanahusu kusubiri. Si kusubiri mshahara, wala kusubiri umeme urudi, mambo ambayo kila nyumba hapa inayajua bila kufundishwa. Ni kusubiri roketi.

Mwezi wa Aprili 2023 Kenya ilisubiri. Wakala wa Anga wa nchi hiyo ulikuwa umetangaza kwamba satelaiti iitwayo Taifa-1, iliyoundwa kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo na mazingira, ingeruka kutoka kambi ya Vandenberg, California, ndani ya roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX. Tarehe ikatajwa, watu wakajiandaa, hali ya hewa ikakataa. Ikatajwa nyingine, ikakataa tena. Hatimaye Jumamosi tarehe 15 Aprili, saa 3:48 asubuhi kwa saa za Nairobi, roketi ikaondoka. Hapa kwetu Katanga ilikuwa saa 2:48. Kule California kwenyewe bado ilikuwa Ijumaa, dakika 12 kabla ya saa sita usiku, kwa hiyo satelaiti ya Kenya iliondoka ardhini katika siku ambayo Wakenya walikuwa wameshaimaliza.

Ni rahisi kucheka. Serikali inaita wageni, wanafunzi wanaketi mbele ya skrini, halafu sauti ya Kiingereza kutoka mbali inasema leo haiwezekani. Na kila mara satelaiti ya Kiafrika inapokwama ndani ya roketi ya kigeni, hakosi kuzuka mtu wa kusema kwamba hayo ndiyo matokeo ya maskini kutamani vya matajiri. Mtu huyo angesoma orodha ya abiria wa roketi ile angepunguza sauti. Taifa-1 ilikuwa mzigo mmoja tu kati ya mizigo 51. Abiria mkubwa alikuwa İMECE, satelaiti ya Uturuki yenye uzito wa kilo zipatazo 700, iliyongojewa Ankara kwa hamu isiyopungua ile ya Nairobi. Hali ya hewa haikuuliza nani ana jeshi kubwa na nani hana. Waturuki walisubiri, Wakenya walisubiri, na wenye roketi nao walisubiri.

Taifa-1 yenyewe ingeweza kubebwa chini ya kwapa. Ukubwa wake ni sentimita 10 kwa 10 kwa 30. Kipimo hicho kilianzia mwaka 1999, pale maprofesa wawili wa Marekani, Jordi Puig-Suari wa chuo cha Cal Poly huko California na Bob Twiggs wa Stanford, walipokubaliana kwamba wanafunzi wao wajifunze kutengeneza satelaiti zenye umbo la mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Ukitaka kubwa zaidi, unaunganisha michemraba miwili, mitatu au sita. Ya Kenya ni mitatu. Iliundwa na wahandisi wa SayariLabs wa Kenya wakishirikiana na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, na gharama iliyotangazwa ilikuwa shilingi milioni 50 za Kenya, yaani kama dola 370,000. Kwa fedha hizo, mkubwa mmoja wa Kinshasa au wa Nairobi hununua Land Cruiser mpya nne au tano na hakuna anayeitisha mkutano na waandishi wa habari.

Tatizo ni nauli. Roketi nzima ya Falcon 9 ilikuwa ikiuzwa kwa dola milioni 67 mwaka 2022. Hakuna nchi yenye akili itakayolipa milioni 67 kubeba kitu cha laki tatu na sabini elfu. Ndipo ukaja utaratibu wa kuchanga safari: roketi moja, abiria wengi, kila mmoja alipe kwa kilo. Januari 2021 safari moja ya namna hiyo ilipeleka juu satelaiti 143 kwa mkupuo.

Kasenga inalielewa jambo hili kuliko miji mingi yenye vyuo vya anga. Mama anayenunua samaki ufukoni mwa Luapula hanunui kamiyo kwa sababu ya vikapu vitatu. Anatafuta kamiyo inayokwenda Lubumbashi, zaidi ya kilomita 200, analipa nafasi yake, anapanga vikapu vyake kati ya magunia ya wengine na kungoja. Dereva ataondoka gari likijaa, fundi akimaliza, mvua ikipungua. Mama hana kauli. Akipiga kelele sana atashushiwa vikapu vyake, na gari litajaa hata bila yeye. Ndivyo Kenya ilivyokaa Vandenberg, na ndivyo zilivyokaa Uganda, Zimbabwe na Rwanda kabla yake. Na kama samaki walivyo na barafu inayoyeyuka, satelaiti ndogo ina betri. Hufungwa ndani ya kisanduku chake ikiwa imezimwa, wiki kadhaa kabla ya safari, na baada ya hapo walioiunda hawaigusi kirahisi. Safari ikisogezwa siku tatu hakuna shida. Ikisogezwa miezi, betri hupungua kidogo kidogo, na wahandisi walioko mbali maelfu ya maili hulala na wasiwasi ambao hakuna mtu mwingine nyumbani anayeuelewa.

Kwa nini lakini wasisubiri saa moja tu upepo utulie, halafu waondoke? Swali zuri, na jibu lake linaondoa nusu ya lawama. Satelaiti ya picha kama Taifa-1 inapelekwa kwenye njia inayopita karibu na ncha za dunia, ikipangwa ipite juu ya kila mahali karibu saa ile ile ya jua kila inapopita, ili kivuli cha leo kifanane na kivuli cha kesho na picha ziweze kulinganishwa. Njia hiyo ina mlango wake. Roketi ikichelewa, dunia inaendelea kuzunguka chini yake, na mlango unahama. Zaidi ya hayo, Falcon 9 hutumia oksijeni na mafuta ya taa yaliyopozwa kupita kawaida. Yakishaingizwa tankini, katika dakika za mwisho kabla ya kuondoka, hayawezi kukaa humo yakisubiri wakubwa waamue. Au unaenda, au unamwaga na kurudi siku nyingine. Kwa roketi inayofuata Kituo cha Kimataifa cha Anga mambo ni magumu zaidi, maana kituo hicho kinakimbia angani na kuizunguka dunia kila baada ya dakika 90 na kidogo, na nafasi ya kukifuata inaweza kuwa ya dakika chache tu kwa siku.

Dakika hizo chache ndizo zilizowaponyoka Waganda na Wazimbabwe tarehe 6 Novemba 2022.

Siku hiyo roketi ya Antares ilikuwa imesimama kisiwani Wallops, jimbo la Virginia, ikiwa na chombo cha mizigo cha Cygnus. Ndani ya chombo hicho, kati ya chakula na vifaa vya wanaanga, kulikuwa na PearlAfricaSat-1 ya Uganda na ZimSat-1 ya Zimbabwe. Vijana watatu wa Uganda walikuwa wameijenga satelaiti yao katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, mjini Kitakyushu, Japani, na nyumbani kituo cha Mpoma, wilaya ya Mukono, kilikuwa kimetengwa kwa kazi ya kuwasiliana nayo. Kila kitu kilikuwa sawa: hali ya hewa, roketi, mizigo. Kisha kengele ya moto ikalia. Haikulia kwenye roketi. Ililia kwenye jengo la waongozaji wa Cygnus huko Dulles, mbali na bahari, watu wakalazimika kutoka nje, na bila wao chombo hakiwezi kuruka. Nchi mbili za Kiafrika zikalala tena siku moja kwa sababu ya kengele ya ofisi.

Kesho yake roketi iliruka vizuri, lakini moja ya mabawa mawili ya kupokea jua ya Cygnus lilikataa kufunguka. Chombo kikaenda kwa bawa moja, kikafika kituoni tarehe 9 Novemba. Satelaiti za Uganda na Zimbabwe zilikaa humo hadi tarehe 2 Desemba ndipo zikatolewa angani kupitia maabara ya Wajapani iitwayo Kibo. Hesabu ya kusubiri, basi, haishii pale moto wa roketi unapowaka.

Ya Rwanda nayo ilikutana na moto wa kweli. Septemba 2019 satelaiti RwaSat-1 ilikuwa Tanegashima, kusini mwa Japani, ndani ya chombo cha mizigo kilichokuwa juu ya roketi ya H-IIB. Usiku wa kuamkia tarehe 11, saa tatu hivi kabla ya safari, moto uliwaka kwenye jukwaa la kurushia. Wajapani hawakutoa visingizio. Walichunguza na kueleza kwamba oksijeni iliyokuwa ikitoka ilikutana na cheche ya umeme tuli karibu na kitambaa cha kuzuia joto, wakarekebisha, na tarehe 25 kwa saa za Japani roketi ikaruka. RwaSat-1 ilitolewa kutoka kituo cha anga tarehe 20 Novemba. Wiki mbili za moto, karibu miezi miwili ya foleni ya juu, na mwishowe Rwanda ikawa na satelaiti yake.

Hayo ndiyo maahirisho ya uwanjani: upepo, kengele, cheche. Yanaudhi, lakini ni ya uaminifu. Tena mwenye roketi anayesema "leo hapana" ni afadhali mara mia kuliko anayesema "twende tu". Tarehe 28 Oktoba 2014, pale pale Wallops, roketi ya Antares ililipuka sekunde chache baada ya kuondoka, ikaangukia uwanja wake pamoja na satelaiti ndogo zilizokuwa ndani. Wenye satelaiti hizo wangefurahi sana kuahirishiwa.

Kuna kuchelewa kwingine ambako hakuonekani kwenye skrini. Huko hakuna anayehesabu sekunde kwa kurudi nyuma. Kuna wizara, benki na majirani waliokosana. Hapa ndipo msikilizaji anatakiwa kuwa mkali.

Angola, jirani yetu wa magharibi, ilikubaliana na Urusi mwaka 2009 juu ya satelaiti ya mawasiliano, AngoSat-1. Hiyo si ya kubeba kwapani. Ni mtambo mkubwa wa mamia ya mamilioni ya dola, wa simu na televisheni. Miaka ikapita. Roketi iliyotajwa ikabadilishwa. Mwishowe ikatumika Zenit, ambayo imeundwa Ukraine, wakati Urusi na Ukraine zilikuwa zimegombana tangu 2014. Fikiria mzigo wa Luanda ukisubiri katikati ya ugomvi wa watu wawili wasioongea. Iliruka kutoka Baikonur tarehe 26 Desemba 2017, mawasiliano yakapotea, yakarudi, yakapotea tena, na Aprili 2018 ikatangazwa kwamba imekufa. Warusi wakajenga nyingine bila kuidai Angola fedha mpya. AngoSat-2 iliruka tarehe 12 Oktoba 2022. Tangu makubaliano hadi satelaiti inayofanya kazi: miaka 13.

Siasa iliwafikia hata watoto wa Kivu, kwa njia ya mzunguko. Februari 2019 satelaiti sita za kwanza za kampuni ya OneWeb zilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, kwa roketi ya Soyuz ya Urusi. Mojawapo Rwanda iliipa jina Icyerekezo, na ahadi ilikuwa kupeleka intaneti kwenye shule iliyoko kisiwani Nkombo, Ziwa Kivu, karibu kabisa na ufuko wetu wa Kongo. Mwaka mmoja baadaye kampuni ikafilisika. Serikali ya Uingereza na kampuni ya Bharti ya India zikaiokoa. Machi 2022, vita vya Ukraine vikiwa ndiyo vimeanza, satelaiti 36 za OneWeb zilikuwa zimeshapandishwa juu ya roketi huko Baikonur. Urusi ikataka Uingereza iuze hisa zake kwanza. Uingereza ikakataa. Roketi ikashushwa, satelaiti zikabaki huko, na OneWeb ikalazimika kutafuta nauli nyingine India na Marekani. Kama hayo yanaipata Uingereza, tusishangae yakitupata sisi. Hata ile Antares iliyowabeba Waganda ilikuwa na sehemu ya chini iliyotengenezwa Ukraine na injini za Urusi. Vita vilipoanza ikakosa vipuri, na ikafanya safari yake ya mwisho ya namna hiyo Agosti 2023.

Lakini kwa nini tuongelee Baikonur wakati sisi wenyewe Katanga tuliwahi kuwa na uwanja wa roketi ya kigeni?

Vijana wengi hawajasikia. Maji yanayopita hapa Kasenga huingia Ziwa Moero, hutokea Pweto yakiwa na jina la Luvua, na kushuka kuelekea Lualaba. Juu ya uwanda ulio kando ya bonde hilo la Luvua, kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser, ilipewa na Rais Mobutu katikati ya miaka ya 1970 eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, mtu aliyeongoza kituo cha Kennedy huko Florida wakati Wamarekani wanakwenda mwezini. Wazo la Kayser lilikuwa la fundi wa mtaani kwa maana nzuri: roketi ya bei rahisi, iliyofungwa kwa mabomba mengi ya aina moja kama kuni kwenye fungu, mafuta ya taa na asidi ndani yake, na vali zinazofunguliwa na mota za waipa za magari. Nchi zisizo na fedha zingeweza kurusha satelaiti zao kwa nauli ndogo. Kwa maneno mengine, yale SpaceX inayoyauza leo, OTRAG iliyaahidi kutoka hapa Katanga miaka 45 kabla.

Roketi ya kwanza ilirushwa Mei 1977. Ya pili tarehe 20 Mei 1978, siku moja tu baada ya askari wa miavuli wa Ufaransa kushukia Kolwezi. Katika jimbo moja, wiki moja, wengine wanashuka kutoka angani na kingine kinapanda. Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978 mbele ya Mobutu mwenyewe. Ilipaa kidogo, ikainama, ikaenda kuanguka bondeni. Picha za filamu zipo, na uso wa mkubwa unaonekana.

Haikuwa kuanguka huko kulikoiua OTRAG, maana roketi za kwanza za kila nchi huanguka. Muungano wa Kisovyeti uliogopa makombora ya Wajerumani Afrika, majirani wakalalamika, Ufaransa nayo haikupendezwa, na mwaka 1979 Mobutu akaifunga. Wajerumani wakahamia Libya. Hakuna satelaiti hata moja iliyowahi kuruka kutoka Katanga. Watu walioishi ndani ya eneo lile kubwa hawakuulizwa lilipotolewa, wala hawakuulizwa liliporudishwa. Roho ya kurusha roketi haijafa kabisa: karibu na Kinshasa, huko Menkao, mhandisi Jean-Patrice Keka amekuwa akirusha roketi zake ndogo za Troposphere tangu miaka ya 2000, mojawapo ikiwa na panya ndani, ambaye hakurudi salama. Kuna wanaomcheka Keka. Heri wangecheka mikataba.

Mmojawapo ni huu. Novemba 2012 taasisi yetu ya mawasiliano ya satelaiti, Renatelsat, ilitia saini na kampuni ya China Great Wall Industry ili Kongo ipate satelaiti kubwa ya mawasiliano, CongoSat-01, itakayorushwa kwa roketi ya Kichina ya Long March. Sasa tulinganishe. Bolivia, nchi isiyo na bahari, ilitia saini na kampuni hiyo hiyo Desemba 2010. Satelaiti yake, Túpac Katari, iliruka kutoka Xichang Desemba 2013. Laos, nchi yenye watu wachache kuliko Kinshasa peke yake, ilitia saini 2010 na kurusha yake Novemba 2015, kutoka uwanja huo huo. Familia moja ya roketi. CongoSat-01 haikuruka. Hapa hakuna wa kusingizia upepo wa Xichang.

Ethiopia nayo inafaa kutajwa, maana inaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kufanywa kwa unyenyekevu. Satelaiti yake ya kwanza, ETRSS-1, yenye kilo 72, iliruka kutoka Taiyuan, China, tarehe 20 Desemba 2019, baada ya kuchelewa siku chache. Ilitajwa kugharimu dola milioni 8, na milioni 6 kati ya hizo zilitoka China. Wahandisi wa Ethiopia walishiriki kazi, na kituo cha kupokea picha kilikuwa tayari kwenye mlima Entoto, juu ya Addis Ababa, ambako watu walikusanyika alfajiri kuitazama ikiruka. Walianza na mahali pa kusikilizia, ndipo wakaleta cha kusikiliza.

Msikilizaji mmoja atasema: hayo yote yananihusu nini mimi ninayevua samaki? Yanamhusu sana. Mpaka wa maji ya Moero na wa vinamasi vya Luapula hubadilika mwaka hadi mwaka. Mafuriko yanayokula mashamba ya mahindi yanaonekana kutoka juu kabla ya mkuu wa kijiji hajapata gari la kwenda kuripoti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wametumia picha za satelaiti za Landsat za Marekani kupima jinsi msitu wa miombo unavyorudi nyuma kuzunguka mji kwa sababu ya makaa na mashamba. Kinshasa kuna OSFAC, taasisi inayoangalia misitu ya Afrika ya Kati kwa njia hiyo hiyo. Picha za Landsat ni za bure tangu 2008. Za Sentinel-2 za Ulaya, zinazoanzia 2015, ni za bure pia, na zinaonyesha vitu kwa ukali wa mita 10, wakati kamera ya Taifa-1 ilitangazwa kuwa ya mita 16.

Maana yake, tukisema kweli, Kenya haikununua picha bora kuliko zile ambazo mwanafunzi wa Lubumbashi anaweza kuzipakua leo usiku akipata mtandao mzuri. Ilinunua watu wanaojua kuunda, kupima, kufunga na kuongoza chombo cha angani. Shilingi milioni 50 kwa shule ya namna hiyo si ghali. Uganda na Zimbabwe zilifanya hivyo hivyo kule Kitakyushu. Satelaiti zinazotolewa kutoka kituo cha anga zina maisha mafupi, maana huko chini hewa nyembamba huzivuta pole pole. Ile ndogo ya kwanza kabisa ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilitolewa Mei 2018 na ikaungua hewani mwaka 2020. Chuma kimekwisha, wahandisi wapo.

Kongo inaweza kuanza hapo. Si kwa mtambo wa mamia ya mamilioni wenye jina kubwa, bali kwa mchemraba wa sentimita 10, vijana watano wa vyuo vya Lubumbashi, Kinshasa na Bukavu, na antena moja kwenye paa. Madini ya betri tunayo chini ya miguu yetu. Kobalti ya Katanga imeshakwenda angani mara nyingi bila sisi kuisindikiza.

Kwa hiyo, wasikilizaji, siku Kinshasa itakapotangaza tena tarehe ya satelaiti, msiulize kwanza itaruka lini. Ulizeni mkataba unalipwa na bajeti ya mwaka gani, kituo cha kupokea kinajengwa wapi, na ni vijana gani waliokwisha kupelekwa kusoma. Waulizeni wabunge wenu hayo wanapokuja Kasenga kuomba kura, na msikubali kujibiwa kwa picha za uzinduzi. Wakiwa na majibu, basi hata roketi ikiahirishwa mara tatu kwa sababu ya upepo wa California, tutakaa nao tungoje.